Changamoto Ndogondogo

Risala ya Dorotea ilipita kwa katibu mara tatu, na kila iliporudi ilikuwa imenenepa kwenye shukrani na kukonda kwenye shida.

"Hapa umeandika 'tatizo la umeme'," alisema Venant, katibu wa umoja wa wafanyabiashara wa mkoa, mtu wa suti hata jua likiwa la utosi. "Mheshimiwa hasomewi matatizo, dada yangu. Andika changamoto."

"Changamoto si kitu cha kumchangamsha mtu?"

"Basi mchangamshe. Tena ongeza 'ndogondogo', isije ikamkwaza."

Dorotea akaongeza. Alianza maisha akiuza maji ya baridi kwenye ndoo mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa tena mpaka mgambo wakawa wanamsalimia kwa jina. Mtu wa namna hiyo hagombani na kalamu ya katibu. Sasa alikuwa na mtambo wa barafu pale Igogo, na ndiyo sababu alichaguliwa kusoma: mama mwenye kiwanda anatoka vizuri kwenye picha.

Ila leo kiti cha ukumbini kilikuwa kinamchoma. Kule mtamboni kulikuwa na mabonge themanini ya barafu ndani ya tangi, yote ya Safia, mnunuzi wa sangara, ambaye angeyafuata saa tisa. Yalikuwa yameshaganda, lakini ukiyatoa mapema joto linakula nusu. Na mara mbili mwezi huu umeme ulikatika yakiwa bado ndani. Winchi ya kuyanyanyua inatumia umeme huohuo, kwa hiyo yalibaki humohumo yakiyeyuka, yakaja kutoka na maji tumboni. Samaki wa Safia wakaharibikia njiani.

"Mara ya tatu tusilaumiane, Dorotea," Safia alimwambia bila hata kupandisha sauti. "Buhongwa nako kuna barafu."

Safia akiondoka, mtambo unafungwa. Hapakuwa na mteja mwingine wa kuufanya uzunguke.

Mkutano uliandikwa saa nne. Mgeni rasmi alifika saa tano na robo. Mshereheshaji akadai makofi ya kilo, wakampa. Akadai ya tani, wakampa nusu. Dorotea alikuwa ameshatazama simu yake mara kumi na moja alipoitwa mbele.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa shukrani. Wa pili ulikuwa wa shukrani zilizosahaulika kwenye ule wa kwanza. Wa tatu, mstari wa tano: "Pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto ndogondogo za umeme."

Akainua macho. Mheshimiwa alikuwa anatikisa kichwa huku akisoma simu. Dorotea alikijua kichwa kile. Mwaka jana kilitikisika hivyohivyo, na mwaka juzi, kisha kikasema: changamoto zenu tumezipokea, tunakwenda kuzifanyia kazi. Makofi. Picha. Soda.

Mstari uliofuata ulisema, "Tunaomba uendelee kutulea." Dorotea hakuusoma. Alinyamaza, na kimya kikarefuka mpaka Venant akakohoa na Mheshimiwa akaacha simu.

"Samahani, Mheshimiwa, hili halimo kwenye karatasi. Mimi sikuombi umeme usikatike. Ukatike tu, tumeshazoeana nao. Naomba kujua saa. Marehemu mume wangu, pamoja na ulevi wake wote, alikuwa anapiga simu kwamba leo harudi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mheshimiwa aliangalia kwanza kama inaruhusiwa, halafu naye akacheka.

"Mtu wa umeme yupo?"

Safu ya tatu akasimama bwana mmoja, injinia Masele, akipandisha suruali.

"Ratiba ya kukata ipo?"

"Ipo, Mheshimiwa."

"Iko wapi?"

"Ofisini, ubaoni. Kila wiki tunabandika."

"Sasa mbona hawa hawana?"

Masele alimtazama Venant, na usoni hakuwa na ubaya wowote. "Hawajawahi kuiomba, Mheshimiwa. Kila mwaka wanatuletea changamoto. Tunazipokea."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hasira ilimpanda Dorotea, akatafuta mtu wa kumshushia asimpate hata mmoja. Miaka mitatu alikuwa anapita mbele ya ofisi ile akienda kanisani!

"Ya wiki hii unayo kwenye simu, injinia?"

"Ninayo, mama."

Alishuka jukwaani bila kuaga. Masele akateremsha kidole kwenye kioo: Kisesa, jana. Buhongwa, kesho. Igogo, leo, saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni.

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika ishirini na nane.

"Mama! Hujamkabidhi risala!" Venant alikuwa anamfuata kati ya viti. "Na picha ya pamoja?"

"Mkabidhi wewe, Katibu. Shukrani zote ni zako."

Alipofika mlangoni, simu aliyopiga mtamboni ilikuwa imeshapokelewa. Ni Mihayo, mdogo wa marehemu mumewe, anayeangalia mtambo.

"Mihayo, washa winchi. Toa mabonge, sasa hivi."

"Si tulisema saa tisa, shemeji? Mbona umeme upo, umetulia kabisa."

"Upo mpaka saa saba."

"Nani kasema?"

"Wenyewe. Washa!"

Akasikia winchi ikikoroma. "Yote themanini hayatoki, shemeji."

"Toa yatakayotoka. Yafunike kwa pumba, usiyaachie upepo."

Alipanda bodaboda bila kuuliza bei, akaielekeza Igogo kwa mkono, na kwa mkono wa pili akampigia Safia.

"Lete gari sasa, usingoje saa tisa. Umeme unakatika saa saba."

"Saa saba kamili?" Safia alicheka kwa mashaka. "We Dorotea, umeanza uganga? Umejuaje?"

"Nimeuliza," alisema Dorotea, na upepo wa ziwa ukamjaa mdomoni.