Shamba la Mwani Chini ya Kabati

Swali lilikuwa lile lile, na lilikuja kila asubuhi kabla chai haijapoa. "Tunarudi lini?" Na Bakiri, mtu mzima wa miaka arobaini na minne mwenye ndevu za mvi na sijda kwenye paji la uso, alimdanganya mama yake kila asubuhi kwa maneno mawili: "Kesho kutwa, mama."

Hapakuwa na pa kurudi. Dada yake aliyekuwa akimtunza mama kule Moa, kaskazini mwa Tanga, alifariki mwaka juzi, na nyumba ikabakia ya popo. Basi Bi Mwanaharusi akapandishwa ndege na kanga zake, na bangili ya shaba nyekundu aliyovishwa na baba yake alipokuwa mwari, na akili iliyokwisha kuanza kumponyoka kidogo kidogo. Akatua Johannesburg, mji usio na bahari, akawekwa chumba cha nyuma kwa Bakiri, mtaa wa Troyeville, akaambiwa hapa ndipo nyumbani. Hata mwenye akili timamu angeuliza anarudi lini.

Bakiri ni fundi vioo. Mteja mmoja aliyekuwa akihama nchi alimwachia tangi la samaki wa maji chumvi, lenye samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, uduvi mmoja na konokono kumi na kitu. Alilichukua kwa sababu ya kioo chake kizuri, akikusudia kuwagawa samaki. Lakini Bi Mwanaharusi alichovya kidole ndani, akakionja, akavuta kiti. Siku ile hakuuliza. Siku ya pili aliuliza mara moja tu. Bakiri akaona afadhali samaki wakae.

Kuwaweka ni rahisi kusema. Mwezi haujaisha, maji yakawa na ukungu, na samaki wakawa wanapumulia juu juu. Wayne, muuza samaki wa Bezuidenhout Valley, alimweleza kwamba maji ya chumvi hayataki kubadilishwa tu, yanataka mahali pa kwenda kujisafisha na kurudi. Tangi la pili, chini ya lile la kwanza. Na ndani yake, mwani, kwa kuwa mwani hula uchafu wa samaki kama mbuzi alavyo maganda.

Kazi hiyo Bakiri aliifanya kwa mikono yake, Jumapili tatu. Alikata vipande vya kioo vilivyobaki dukani, akaviunga tangi la vyumba vitatu. Cha kwanza kilipokea maji kutoka juu na kuyapitisha kwenye soksi ya kuchujia. Cha kati, kikubwa kuliko vyote, alikitia mchanga na kukiwekea taa. Cha tatu kilikuwa cha pampu ya kuyarudisha maji juu. Gundi aliichagua kama mtu anayechagua mchumba, kwani ile ya bafuni hutiwa sumu ya kuzuia kuvu, nayo huua samaki. Akaacha na nafasi juu, ili umeme ukikatika, kama ulivyo mtindo wa mji huu, maji yatakayoteremka yasiishie kwenye zulia la mkewe Zuhura. Kisha akaviingiza vyote kabatini, akaleta fungu la mwani kutoka kwa Wayne, akafungua maji.

Bi Mwanaharusi aliinama, akafungua mlango wa kabati, akaona mwani.

Alikuwa amelima mwani miaka thelathini. Bwana wake alipokufa, mwani ndio uliomsomesha Bakiri. Mikono ile iliyokuwa imesahau kifungo cha gauni iliingia majini hadi kwenye viwiko, ikaushika mwani na kuupima. "Huu si wa kwetu. Umetatizika kama uzi," akasema. "Lakini utakubali. Leta kamba. Leta vijiti."

Aliyemletea ni Murielle. Huyu alikuwa mwanamke wa Bukavu aliyekuja kila siku kutoka Rosettenville kukaa na mama wakati Bakiri yuko dukani na Zuhura yuko kwenye meza yake ya vitambaa mjini. Kiswahili chake na cha Bi Mwanaharusi havikuwa vya nyumba moja, lakini walielewana kuliko watu wengi waliozaliwa pamoja. Walisimika vijiti kwenye mchanga, wakafunga mwani kwenye kamba, kishada kwa kishada, wakavuna uliozidi na kuuanika uani. Wajukuu wangecheka, lakini wajukuu walikuwa Durban. Bi Mwanaharusi akaanza kunenepa. Swali la asubuhi likawa linapita wiki nzima bila kuulizwa, na Bakiri, kwa mara ya kwanza tangu amlete, akawa anakunywa chai yake ya moto.

Mwezi wa sita, baridi ilipokaza, Zuhura alikuwa anamwogesha mama mkwe wake, kazi ya Murielle siku zote, akaona mkono mtupu. Bangili haipo.

Walipindua magodoro. Walichungulia bomba la sinki. Walimwuliza mwenyewe, naye akatabasamu: "Ipo pahala pake." Wakatazamana, yale mazungumzo ya wazima juu ya kichwa cha mgonjwa. Kisha Zuhura akasema kwa sauti ya chini, "Anayeingia humu ni mmoja tu." Bakiri alikumbuka kwamba shaba huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kwamba bangili ile ilikuwa nzito. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alifundishwa kuwa dhana ni dhambi. Siku hiyo aliyaacha mafunzo ya chuoni.

Jioni alimsindikiza Murielle mpaka getini. "Dada," akamwambia, "kuanzia kesho usije." Hakutaja bangili. Hakutaja wizi. Alijiona muungwana kwa hilo. Murielle alijifunga kitambaa chake vizuri, akasema, "Sawa, papa Bakiri," akaenda zake kutafuta taksi.

Bi Mwanaharusi alimngoja siku tatu. Siku ya nne akaacha kufungua mlango wa kabati.

Wiki mbili baadaye konokono walianza kuanguka kutoka kwenye kioo, mmoja mmoja, wakalala chali mchangani. Uduvi akafuata. Mwani ukapauka ncha. Samaki wale wawili wakajikunyata pembeni, na swali la asubuhi likarudi, sasa mara tano, mara kumi, hata katikati ya sala. Bakiri alijua wazi: samaki wakifa, mama hana tena cha kumshika hapa. Akailaumu gundi. Akajilaumu yeye. Kazi ya mikono yake mwenyewe, akaona, ndiyo inamwua mama yake.

Akachukua maji kwenye chupa ya jemu mpaka kwa Wayne. Wayne akadondosha dawa, akatikisa, akainua chupa kwenye mwanga.

"Eish, brother. Gundi yako haina kosa," alisema. "Hapa kuna shaba. Konokono na uduvi hawaiwezi hata kidogo. Una sarafu humo? Waya? Tafuta."

Bakiri alirudi nyumbani bila kuona kama robot, zile taa za njia panda, ni nyekundu au kijani. Aliwahamishia samaki kwenye ndoo ya maji mapya yenye kijipampu cha hewa, akazima umeme, akapiga magoti mbele ya kabati. Alifungua pampu, haina shaba. Akakagua waya, haukuchubuka. Akang'oa vijiti, akaanza kuchota mchanga kwa kikombe. Kwenye kona, pale kilipokuwa kijiti cha kwanza, vidole vyake viligusa duara.

Ilikuwa imeota kutu ya kijani. Imefungwa kwenye kitambaa cha kanga, mafundo saba, na kitambaa kimeanza kuoza.

Alikaa sakafuni na maji yakimchuruzika mikononi. Sasa alikumbuka, naye alikuwa mtoto wa Moa. Shamba jipya huzindikwa. Kabla ya mwani wa kwanza kufungwa, mama yake alikuwa akifukia kitu chake cha mwilini chini ya kigingi cha kona, ili hasidi asilione na mawimbi yasilichukue. Likishika, ndipo mwenyewe hukifukua. Na mara hii alifukia kitu cha mwisho alichokuwa nacho cha baba yake, kwa ajili ya shamba la mwanawe. Ipo pahala pake, aliwaambia. Yeye ndiye peke yake aliyesema kweli nyumba nzima.

Mkono mtupu haulambwi. Kesho yake Bakiri alinunua mchele na mafuta, akaenda Rosettenville. Murielle alimpokea mlangoni, na mlango hakuufungua wote. Bakiri akamwonyesha bangili.

"Miye nilimuona akiifukia," Murielle alisema. "Bibi aliniapisha. Alisema ni zindiko ya shamba, mtu akiisema inakufa."

"Sasa mbona hukuniambia, dada, siku ile?"

"Siku gani? Haukuniuliza, papa Bakiri. Uliniambia tu nisirudi. Ungeniuliza, ningekuonyesha na kidole, bila kufungua kinywa." Alijifunga tena kitambaa chake. "Miezi tisa. Kila jioni nilikuwa nafungua mkoba wangu mbele ya mke wako, hakuna mtu ameniambia nifungue. Nilifungua juu ya siku kama ile, mtu asinidhanie mwizi."

Bakiri aliomba msamaha. Aliomba tena. Murielle akasema amesamehe, na ilionekana ni kweli, ndiyo maana ikauma zaidi. Lakini amepata kazi kwa Mreno, kwenye tanuri la mkate. Hatarudi. Mchele aliukataa, mafuta pia. Aliuliza jambo moja tu: kama bibi anakula.

Bakiri alimkuta mama yake mbele ya tangi tupu, samaki wangali kwenye ndoo, kanga imemteleza begani. Aliketi karibu naye, akaitoa bangili aliyoisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa, akamvisha. Bi Mwanaharusi akaizungusha mkononi taratibu.

"Mmelitoa shamba zindiko lake," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Ndiyo maana kaondoka." Alitazama mlango wa kabati. "Murielle anarudi lini?"

Bakiri alitafuta neno lingine, akapekua kinywa kizima, asilipate. "Kesho kutwa, mama."

Bi Mwanaharusi alimgeukia, macho yake maangavu kabisa, macho ya zamani ya mwanamke aliyejua kupwa na kujaa kwa maji bila kalenda.

"Hivyo ndivyo unavyoniambia kila siku," akasema.