Ngazi ya Pili ya Mama Mukamusoni

Nyumba ya Mama Mukamusoni ilikuwa na orofa tano, na mwaka ule wa 1999 hapakuwa na nyumba ya kupangisha iliyoizidi kimo Gisenyi nzima. Wapangaji walihamia hata rangi haijakauka. Mwenyewe alijitwalia orofa ya juu kabisa, apate kuiona Goma kila asubuhi kabla ya kuvuka mpaka kwenda kuuza vitenge vyake.

Kazi ya kuilinda nyumba hiyo na moto alipewa Gad, kijana aliyezaliwa na kusomea Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko mashati yake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu arudi nchi ya wazazi wake, na aliipenda kupita kiasi. Alikwisha kuweka tangi la akiba juu ya paa, bomba la kushusha maji kila orofa, na mpira mwekundu wa kuzimia moto katika kila ukumbi. Kilichobaki ni ngazi ya pili. Nafasi yake ilikuwepo upande wa nyuma, shimo refu toka juu hadi chini, limezibwa kwa mbao. Hapo ndipo walipogombana.

"Injenieri," Mama Mukamusoni alimwambia, "mutu iko na miguu mbili tu, donc ngazi moja inamutosha. Ile nafasi, mi natia vyumba."

"Mama, moshi ukijaa kwenye ngazi hiyo moja, watu watatokea wapi?"

"Watashuka mbele ya moshi. Watu yangu iko na mbio."

Gad hakuweza kuliacha jambo hilo. Alikuwa ameshaota watu wamebanwa kule juu wakimwita kwa jina, na aliamka amelowa jasho. Akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena, mpaka wakakubaliana kufanya jaribio. Kengele ingepigwa, wapangaji wangeshuka kwa ngazi iliyopo. Wakishuka wote bila kukwama, shimo liwe vyumba na Gad afunge mdomo. Wakikwama, ngazi ya pili ijengwe.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, Gad alipita mlango kwa mlango akiwafundisha wapangaji namna ya kushuka: bila kusukumana, bila kurudia sufuria. Walimsikiliza kwa makini hata akaanza kuingiwa na wasiwasi.

Siku yenyewe aliwasha mabua mabichi ya mahindi ndani ya pipa juu ya paa, ili watu waone moshi na wasilete mchezo. Kisha akashuka uani na kuanza kuigonga kwa nyundo rimu ya gari aliyoitundika badala ya kengele. Mama Mukamusoni alibaki orofa ya tano. Alisema mwenye nyumba hushuka wa mwisho.

Wapangaji wa chini walitoka vizuri ajabu, mmoja nyuma ya mwingine, kama waumini wanaotoka misani. Gad hakuwa amewahi kutiiwa namna ile maishani mwake, na ilimuuma. Aliigonga rimu huku akiviona vyumba vikijaa ndani ya shimo lake.

Ndipo lango likafunguka kwa kishindo.

Tatizo ni kwamba Gisenyi mtu akisikia wito wa msaada akabaki kwake, ataulizwa habari hiyo mpaka kwenye harusi ya bintiye. Na moshi ule ulionekana hadi ufukweni. Aliyetangulia ni Cansilde, muuza samaki, na beseni kubwa la maji aliyokuwa akioshea sambaza, visamaki vya ziwani. Nyuma yake walikuja wapagazi wa mpakani na madumu yao, wavuvi na makasia, na kinyozi na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja.

"Ni jaribio tu, ndugu zangu," Gad alisema, amewanyooshea mikono. "Hakuna moto."

"Toka mu njia, kijana," Cansilde alimjibu. "Nyumba inawaka, we unaongea kama redio."

Wakapanda, Gad nyuma yao akiwasihi warudi. Orofa ya tatu wakakutana na waliokuwa wakishuka. Wa chini walisukumwa na wenzao, wa juu walisukumwa na moshi ambao upepo ulianza kuushusha ngazini, na katikati hakuna aliyeweza hata kujikuna. Wawili ambao hawakuwa wameonana tangu Pasaka walikumbatiana palepale, na foleni ikazidi kukaza.

Cansilde peke yake alipenya. Orofa ya nne alimwona Mama Mukamusoni akiteremka na mtumba wa vitenge, moshi nyuma yake. Hakuuliza swali. Alimmwagia beseni zima.

Gad alikuwa amebanwa orofa ya pili, nyundo mkononi. Alikuwa ameshinda, lakini hakuona furaha yoyote, ila hofu. Katika ramani yake alikuwa amechora mishale ya watu wakishuka, mizuri, mingi. Hakuwa amechora hata mmoja unaopanda.

Watu walipotawanyika, alimkuta Mama Mukamusoni ameketi kwenye kidato cha chini, sambaza mmoja bado kwenye kitambaa cha kichwa.

"Nani aliita hawa watu?"

"Hakuna, Mama. Wamekuja wenyewe."

"Nusu yao mi sijui hata majina," Mama Mukamusoni alisema. Kisha akajikung'uta. "Bon. Jenga ngazi yako. Moja ya wenye kukimbia, moja ya wenye kuja."

"Na vyumba?"

"Acha vyumba. Na ile ya wenye kuja, ifanye mupana. Ule mama iko na beseni mukubwa."

Kesho yake asubuhi Gad alionekana sokoni amechuchumaa mbele ya Cansilde, akilipima beseni lake kwa futi, na Cansilde akimuuliza kama anachukua na samaki au beseni tu.