Mgonjwa Aliyemshinda Tressa

Nilimwambia Tressa akasomee chochote. Uhasibu, kupaka watu rangi za kucha, hata kuendesha malori ya makaa kama mjomba wake. Akachagua kazi yangu mimi, tiba ya upumuaji. Nikamgombeza wiki nzima bila kumpa sababu, maana sababu yenyewe isingetamkika mbele yake.

Sababu ilikuwa baba yake. Dwight alichimba makaa tangu ndevu hazijamkaa vizuri, na vumbi likamlipa kwa kumgeuza mapafu kuwa mawe. Alikuwa akikaa sebuleni na mashine ya oksijeni, kile kigololi cha kipimo, kinachoonyesha hewa inatoka kiasi gani, kikisimama kwenye mbili, basi. Mapafu ya namna ile ukiyazidishia oksijeni, hewa chafu hujaa damuni na mtu husinzia moja kwa moja. Siku moja nilirudi kutoka zamu ya mchana nikamkuta amelala kwenye kiti chake, mwili umeshapoa. Tressa, wakati huo ana miaka tisa, alikuwa ameketi miguuni pake anatazama katuni, sauti ameizima asimwamshe. Kigololi kilikuwa kwenye tano.

Nikakirudisha kwenye mbili kabla sijapiga simu popote. Hata leo hakuna daktari atakayeapa kwamba ni ile tano iliyomuua, maana siku zake zilikuwa za kuhesabu. Lakini Dwight hakuweza tena kuifikia mashine, na nilijua ni mkono gani ulioizungusha, na nikajiapiza kwamba mtoto yule hatajua kamwe maana ya alichokifanya.

Sasa mtoto mwenyewe amemaliza chuo, chuo kikamthibitisha, akaruhusiwa kufanya mtihani wa bodi. Mtihani wetu una alama mbili za kufaulu. Ukivuka ya chini unapata cheti cha kawaida, kama changu. Ukivuka ya juu unaruhusiwa kufanya mtihani wa pili, wa kutafuta cheti kikubwa, na siku hizi hospitali yetu haimtazami hata usoni mtu mpya asiyevuka ya juu. Mara ya kwanza Tressa alivuka ya chini, akaikosa ya juu kwa maswali machache tu.

Nikaketi naye jikoni, katikati yetu sahani ya mikate ya soseji. Mtoto ni wembe. Mashine za kupumulia, gesi za damu, vichanga waliozaliwa njiti, yote alikuwa akijibu huku anatafuna. Kisha likaja swali la mzee mstaafu wa mgodini. Oksijeni iko kwenye mbili, vipimo vinaonyesha inamtosha, lakini analalamika hana hewa na ameanza kusinzia. Utafanyaje?

"Namwongezea," akasema.

"Soma tena."

"Nimesoma, Mama. Mtu anaomba hewa. Wewe ungemnyima?"

"Usiniulize mimi. Hii ni hospitali ya mtihani, kule daktari anapokea simu na hakuna nesi anayekununia. Nipe jibu la kule."

Siku nyingine angecheka. Nikafungua kitabu kingine, mzee yuleyule kwa jina jingine. Akamwongezea. Cha tatu, akamwongezea. Mtu aliyesoma miaka miwili na kufaulu hawezi kukosea jambo moja tu, kila mara, kwa namna ileile. Huyu alikuwa anajua, ila hataki kujua.

"Ukimwongezea atalala, mwanangu," nikasema. "Atalala asiamke. Hilo ndilo jibu, lichague hata kama hulipendi."

"Leo basi, nimechoka." Akaichukua sahani kwenda kuiosha, na mikate bado imo.

Nilijichukia. Nikimfundisha namwambia, nikimnyamazia namfelisha. Mama gani anawekwa njia panda ya namna ile? Na mumewe kaburini, wala hawezi hata kumlaumu kwa kumwomba mtoto hewa.

Siku ya mtihani nikampeleka mjini Charleston. Kituo chenyewe ni kijichumba kati ya duka la simu na saluni ya mbwa. Kupitia kioo cha mlango niliwaona wasimamizi wakimpindua mifuko, wakimkagua miwani, wakimpandisha mikono ya sweta, utadhani anaingia jela. Nikarudi garini, nikamwomba Mungu mambo mawili: Tressa afaulu, na yule mzee asitokee.

Alitoka na karatasi mkononi, akaingia garini, akafunga mlango.

"Nimevuka ya juu."

Nikapiga kigelegele hadi mwenye mbwa mmoja akageuka. Nikamkumbatia. Yeye hakunikumbatia.

"Alikuwepo, Mama. Yule mzee."

"Ukamfanyaje?"

"Nikamwacha kwenye mbili." Akaikunja ile karatasi ya matokeo. "Siku ile uliporudi kutoka kazini, mashine ya Baba uliikuta kwenye ngapi?"

Swali hilo nilikuwa nimejiandaa nalo miaka na miaka, kwa hiyo sikusita hata kidogo.

"Mbili," nikasema. "Kama kawaida yake."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa neno moja.

"Mimi niliiweka tano," Tressa akasema. "Baba aliniomba. Nikaiweka tano, sikuigusa tena, na watu walipokuja kumchukua ilikuwa kwenye mbili." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. "Kwa hiyo ni wewe uliyeirudisha. Mama, ulikuwa unajua."