Mistari Miwili Chini ya Fremu

Siku kibali changu cha kazi kilipofika, Shangazi Nenita alikiingiza kwenye fremu ya dhahabu kabla sijakisoma vizuri. Akakitundika sebuleni, kati ya shahada yake ya uuguzi na picha za mahafali ya binamu zangu. Familia yetu tangu Iloilo, kwetu Ufilipino, ni hivyo. Karatasi yenye mhuri haikai kwenye droo. Hata cheti cha kwaya kipo ukutani hapa Winnipeg, Kanada.

"Cha wazi, Yumi!" alisema. "Hakina jina la bosi. Mimi changu kilikuwa na jina la kiwanda cha nyama, nikakaa miaka minne kama mbuzi wa kamba. Wewe ukigombana na bosi unavuka barabara tu!"

Sikutaka kuvuka barabara yoyote. Nilitaka kituo cha kulelea watoto cha Bi Halyna, nilikofanya mazoezi ya kazi nilipokuwa chuoni. Alikuwa ameniahidi kazi kuanzia Jumatatu. Ijumaa aliniandikia: tuma picha ya kibali.

Shangazi akakipiga picha hapo hapo ukutani. Kioo kikang'aa, maandishi yakapotea. Tukaitoa karatasi kwenye fremu, na chini kabisa, palipokuwa pamefunikwa na ukingo, nikaona mistari miwili. Nilisoma mara tatu. Haruhusiwi kufanya kazi ya kulea watoto, kufundisha shule, wala huduma za afya.

"Wazi ni wazi," Shangazi alisema.

"Lakini hapa wamekataza."

"Basi si cha wazi."

"Juu wameandika ni cha wazi, Shangazi."

"Wanaogopa magonjwa? Si ulipimwa Manila? Mapafu, damu, kila kitu!"

"Nilipimwa. Labda muda wa vipimo umeisha. Sijui."

Shangazi akairudisha karatasi kwenye fremu taratibu. "Tuzime taa, tupige tena. Hiyo mistari nani ataiona?"

Sijawahi kumkatalia Shangazi. Ndiye aliyenilipia chuo. Nilisema naenda dukani. Alipoingia jikoni, nikaitoa karatasi, nikaiweka kwenye bahasha, nikatembea kwa miguu kwenye baridi hadi kituoni.

Bi Halyna alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Unaweza kufanya kazi duka la donati?"

"Nadhani ndiyo."

"Kiwandani?"

"Ndiyo."

"Kwa mtu yeyote, isipokuwa kazi uliyosomea."

"Ndivyo ninavyoelewa. Siyo kwamba ninaelewa kwa nini."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Akampigia simu mtu anayejua mambo ya uhamiaji, akaandika kwenye karatasi: nipimwe na daktari anayetambuliwa na uhamiaji, kisha niombe sharti liondolewe.

"Itachukua muda gani?" niliuliza.

"Amesema inategemea. Nilipomuuliza inategemea nini, akasema naye hajui." Alinigusa bega. "Nafasi yako nitaishika mpaka mwisho wa Machi, mwanangu. Baada ya hapo siwezi, watoto ni wengi. Na asante kwa kuleta karatasi yote."

Machozi yalinijia, nikainama nijifanye nafunga koti. Hapo Teo, mwenye miaka mitatu, akaja mbio akanyoosha mguu wake wenye buti la theluji. Tangu siku za mazoezi yangu hakubali avuliwe na mtu mwingine ila mimi.

Mikono yangu ilibaki hewani. Kumvua mtoto buti ni kazi? Au ni kumvua mtoto buti tu? Nilimtazama Bi Halyna. Yeye akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma kana kwamba jibu lipo huko.

"Wewe umekuja kutembea tu," alisema hatimaye. "Mvue. Analowesha zulia langu."

Nilimvua moja. Teo akanyoosha la pili, na nikamtazama tena Bi Halyna kabla sijaligusa.