Seneta Magbitang Alipokuja Kumuaga Baba

Seneta Leoncio Magbitang alifika msibani kwetu alasiri, baba akiwa bado kwenye jeneza pale sebuleni. Hatukushangaa. Mkoani kwetu mwanasiasa asiyehudhuria misiba hachaguliwi.

Baba alikuwa mvuna chumvi, na alimpigia kura mihula yote mitatu. Muhula wa kwanza Magbitang alitunga sheria ya kuzuia meli kubwa za uvuvi kwenye ghuba yetu. Wa pili akapigania bima ya wavuvi, ikapita. Huu wa tatu alikuwa kimya, na Jumatatu Seneti ingepigia kura mswada wa kuijaza ghuba udongo ijengwe bandari. Mashamba yetu ya chumvi yangefukiwa. Redioni alipoulizwa msimamo wake alijibu kwamba bado anasikiliza wananchi. Mimi na kaka yangu Delfin tulitakiwa kuamua: tukarabati mashamba kwa msimu ujao, au yeye aende Manila kutafuta kazi ya ujenzi.

Seneta alisimama mbele ya jeneza, akasema baba alikuwa mtu mwaminifu. Akapewa kahawa. Wacheza karata, ambao kwetu hawakosi msibani, wakampisha kiti.

"Ukikaa hapo utaliwa, Mheshimiwa," jirani yetu Mzee Isko alimwambia. "Hawa hawajali seneta wala padri."

"Nimeshaliwa na wenzangu Manila, mzee. Nyinyi angalau mtaniachia viatu."

Watu wakacheka. Hakuna aliyeuliza habari za ghuba. Msibani mgeni haulizwi jambo la kumuaibisha, naye alilijua hilo.

Akaaga. Kwetu mfiwa hamsindikizi mgeni. Akimsindikiza ameita kifo kingine nyumbani. Nikainuka.

"Luding, kaa chini," shangazi Saling akaninong'oneza. "Unataka kutuzika wote?"

Nikatoka. Nilimkuta seneta kwenye mlango wa gari. Nikauchukua mkono wake, nikaugusisha kwenye paji la uso wangu kama tunavyowaamkia wakubwa.

"Mheshimiwa, Jumatatu utapiga kura gani?"

Akautazama mlango niliotokea. Akaelewa nilichokivunja.

"Binti, rudi ndani."

"Nitarudi ukinijibu."

Dereva alishawasha gari. Seneta akamwashiria alizime.

"Ya ndiyo," akasema. "Chumvi ya nje inaingia kwa bei ya chini msiyoiweza, na sheria zangu hazikuizuia. Vijana wanataka kazi. Bandari itawapa."

"Basi waambie na walio ndani. Mwambie na baba."

Nilidhani atapanda gari. Badala yake akarudi ndani, mimi nyuma yake. Akaweka mkono juu ya kioo cha jeneza.

"Teodulo, Jumatatu nitaunga mkono bandari."

Karata zikakoma. Mama mmoja akaacha kumenya mbegu za tikiti.

"Mihula mitatu nimekupigia," Mzee Isko akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza unaniambia jambo kabla hujalifanya. Na sikupigii tena."

"Najua, mzee."

Jumamosi tulizika. Jumatatu Delfin akapanda basi la asubuhi, na shangazi hakunisemesha. Kwake, safari ile niliiita mimi nilipomsindikiza mgeni. Mchana majirani walikaa kusikiliza majina yakisomwa Seneti, wakitumaini kwamba huenda amebadili mawazo. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafua matandiko ya baba. Jina la Magbitang lilipotajwa, redio za nyumba zote zikasema ndiyo kwa pamoja. Nikaendelea kukamua shuka.