Kadi ya Mbuzi

Kuku yule alikuwa wa shukrani, na ndiyo maana Madamu Tamandani Zimba alishindwa kumchinja. Alikuwa tetea mwekundu, mnene, amefungwa kamba mguuni kwenye shina la mpapai nyuma ya nyumba ya mwalimu. Kila asubuhi Tamandani alimmwagia punje za mahindi, na kila asubuhi kuku alimkodolea jicho moja mpaka akaona haya mbele ya kuku wake mwenyewe.

Aliletwa na Agogo NyaTembo, bibi yake Alinafe, mwanafunzi wa Tamandani. Bikizee huyo alipiga magoti mlangoni, akapiga makofi ya heshima kama wanavyofanya watu wa Katete wakileta jambo kubwa.

"Ticha, umenifutia aibu," alisema. "Mimi nimezeeka sijui hata jina langu likiandikwa linafanana na nini. Leo mjukuu wangu anasoma! Mpokee huyu, ni mnono, usije ukasema nimekuletea mifupa."

Tamandani alimpokea kuku kwa mikono miwili. Asante ilimtoka kwa taabu, kwa sababu Alinafe hakuwa anajua kusoma. Hakujua hata mstari mmoja, na Tamandani aliamini kwamba duniani ni yeye peke yake aliyelijua hilo.

Mambo yalianzia kwenye saa ya kusoma. Serikali ndiyo iliyoileta: ilinunua kadi, ikawapa walimu mafunzo, ikaagiza kwamba kila siku kabla ya mchana watoto wa darasa la tatu mpaka la tano wachanganywe, kila mmoja akae pale anapojua, si pale umri wake unapomtaka akae. Wa herufi duara lao, wa maneno duara lao, wa hadithi duara lao. Alinafe alikuwa wa darasa la tano, miguu mirefu, kifua kimeanza kuota, na aliketi kwenye duara la herufi akiwa amekunja magoti katikati ya watoto waliokuwa bado wanang'oka meno. Walimwita Mama Duara. Mkorofi mmoja aliwahi kumwuliza kama leo amekuja kuwanyonyesha.

Mwisho wa muhula ukafika upimaji. Watoto waliitwa mmoja mmoja kwenye benchi la varandani, wakapewa kadi ya hadithi wasome kwa sauti, huku wengine wamepanga foleni hatua chache tu kutoka hapo. Hadithi ilikuwa ileile kwa wote, ya mama aliyenyeshewa akitoka sokoni. Sasa, mtoto wa huko amelelewa kwa hadithi za kuitikia kando ya moto. Ukimsimulia mara mbili, ya tatu anakusimulia yeye. Mgeni angeweza kusamehewa kwa kutolijua hilo. Tamandani hakuwa mgeni. Naye alilelewa kando ya moto huohuo.

Ilipofika zamu ya Alinafe, mwalimu kwa uchovu alichukua kadi nyingine kabisa, ya mbuzi aliyekula kofia ya chifu. Alinafe akaishika, akavuta pumzi, akatoa hadithi ya mvua toka mwanzo mpaka mwisho. Hakukosea hata neno.

Tamandani aliitazama kadi. Mbuzi alikuwapo, na pembe zake, na kofia mdomoni. Akamtazama mtoto. Kisha akamtazama Bwana Mbewe, mwalimu mkuu, aliyesimama mlangoni ameachia tabasamu pana, maana huyu ndiye alikuwa wa mwisho kwenye duara la herufi, na mkuu alikwisha kutamba wilayani kwamba shuleni kwake hatabaki hata mmoja.

"Vizuri sana," alisema Tamandani. Akaandika kwamba anasoma.

Baadaye alijiambia alifanya vile kwa huruma, ili mtoto asizidi kuchekwa. Uongo mtupu. Alikuwa amechoka. Alichoshwa na ma, me, mi, alichoshwa na mtoto anayesahau kesho alichofundishwa leo, na alitaka asifiwe walau mara moja kama watu wengine. Akasifiwa kweli, mbele ya walimu wote, na Alinafe akahamia duara la hadithi, ambako watoto hujisomea wenyewe na mwalimu hupita tu kunyamazisha kelele. Huko alishika kitabu na kufunua kurasa wenzake walipofunua.

Labda mambo yangeishia hapo, kama si siku ya wazazi.

"Alinafe ndiye atakayesoma mbele ya mgeni wa wilaya," alisema Bwana Mbewe, akimkabidhi Tamandani kitabu chembamba. "Hadithi ni hii hapa. Mfanyishe mazoezi."

"Mkuu, labda tumchukue mwingine..."

"Mwingine yupi? Huyu ndiye tuliyemwokota mavumbini! Madamu Zimba, we vipi, kazi nzuri umeifanya mwenyewe halafu unaionea aibu?"

Siku ile nshima, ugali wa kwao, ilimkauka Tamandani kwenye sahani. Akilini alimwona mtoto amesimama mbele ya kijiji kizima, kitabu mkononi, kimya, na bibi yake amekaa mstari wa mbele.

Jumamosi Alinafe alikuja mwenyewe. Alimsalimu mwalimu kwa kupiga goti, akaenda kumtazama kuku, akarudi.

"Madamu, wamesema kuna hadithi. Nisomee mara moja tu."

"Mara moja?"

"Inatosha."

Tamandani akamsomea. Alinafe alisikiliza amefumba macho, kisha akairudia yote, hata pale mwalimu alipokohoa akapaacha wazi kidogo. Ilikuwa kazi safi. Mgeni angepiga makofi, bibi angelia kwa furaha, na hakuna ambaye angejua. Tamandani alihisi kifua kinamfunguka, na palepale akajichukia kwa kule kufunguka.

"Madamu," alisema Alinafe, "na ile kadi ya mbuzi, ilikuwa inasemaje?"

Kitabu kilimponyoka mwalimu.

"Uliona?"

"Niliona mbuzi. Hadithi yangu haikuwa na mbuzi." Msichana alikuwa anakwaruza udongo kwa kidole cha mguu. "Nikakuangalia usoni. Nikasema sasa hivi atasema, 'Si hivyo Alinafe, hebu tuanze tena,' kama ulivyokuwa unasema siku zote. Ukasema vizuri sana. Nikajua umenichoka."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayeeleza kwamba kisima kimekauka. Tamandani alitamani atukanwe, maana tusi angeweza kulijibu.

"Nilikuchoka," alisema mwishowe. "Kosa ni langu. Wewe huna kosa lolote. Mfungue kuku, twende kwenu."

Agogo NyaTembo alikuwa anabangua karanga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso, na karanga zikaendelea kulia mikononi mwake. Tamandani alipomwekea kuku miguuni, alimpapasa mgongo.

"Amenenepa," alisema. "Kumbe kulisha unajua." Akamsukuma kuku kwa mwalimu. "Rudi naye. Nilikupa kwa sababu ya kusoma. Siku mtoto akinisomea mwenyewe, mtakuja tumle hapa sote. Kabla ya hapo usithubutu kumgusa. Atazeekea mikononi mwako, ticha, na wewe utamlisha."

Jumatatu Tamandani alimweleza mkuu kila kitu. Bwana Mbewe aliruka juu, akashuka, akamwita msaliti, akamsihi wangoje angalau siku ya wazazi ipite. Tamandani alikataa. Mtoto mwingine akapewa kitabu, na sifa zote za muhula ule zikageuka minong'ono katika chumba cha walimu. Hilo halikumwuma sana. Lililomwuma lilikuwa palepale, limekunja magoti.

Kwa maana saa ya kusoma ilipofika, Alinafe alirudi kwenye duara la herufi mwenyewe, bila kuitwa.

"Mama Duara karudi!" walishangilia wadogo.

"Kimya!" Tamandani alikaa chini mavumbini kando yake, akaweka kadi ya mbuzi kati yao. Akagusa neno la kwanza. "Hili."

Alinafe hakulitazama neno. Alimtazama mwalimu usoni, kwa makini, muda mrefu.

"Usinitazame mimi. Tazama kadi."

Alinafe aliinamisha kichwa, akahangaika na midomo, akatoa neno.

Lilikuwa la hadithi ya mvua.

Tamandani alihisi ule uchovu wa zamani ukimpanda tena mabegani, uleule, haukuwa umekwenda popote.

"Si hivyo, Alinafe," alisema. "Hebu tuanze tena."

Na msichana akatabasamu.