Mwanamke wa Kwenye Mawe ya Denimaki

Thabit alirudi kwa mkewe mwishoni mwa mwaka 1970, baada ya miaka sita. Mapinduzi ya Unguja yalimkuta masomoni Denimaki, Ulaya. Mkewe, Nasriya, alikimbilia Maskati kwa kaka yake, mtaa wa Hamriya, na ruhusa ya Thabit kuingia Oman haikutoka mpaka mwaka ule. Huko Denimaki Thabit alipata kazi ya kuchimba vilima ambavyo watu wa kale walizikia wafu wao.

Jamaa walipokuja kumpa mkono, akawatolea picha. Mawe marefu kuliko mtu, yamesimamishwa shambani maelfu ya miaka, yameota ukoga wa kijivu. Watu wakastaajabia mawe. Nasriya alimwona mwanamke. Karibu kila picha yumo, kavaa buti, mkono juu ya jiwe, anacheka. Thabit akaeleza kuwa anasimama pale ili urefu wa jiwe ujulikane.

Siku tatu Nasriya alimpikia mumewe asile naye. Picha moja aliitazama hata akavijua vifungo vya koti la yule mwanamke. Siku ya nne, Thabit akiwa msikitini, akaitia kwenye makaa ya chetezo.

Thabit alikuta pembe iliyobaki. Hakugomba.

"Nnakuuliza mara moja tu," Nasriya akasema. "Alikuwa nani kwako?"

Akakaa chini, akamweleza. Yule alikuwa msimamizi wao wa kuchimba. Mwaka ule wa kwanza, Thabit hajui mkewe yu hai au kafa, ndiye aliyemwandikia barua za kumtafuta Nasriya, Mombasa, Dubai, Kuwaiti, kila penye wakimbizi, mpaka jibu likatoka Maskati. Jibu hilo yule mwanamke alimpelekea Thabit mwenyewe kule kilimani, akampa, akarudi kwenye shimo lake.

"Alikupenda."

"Alinipenda."

"Na wewe?"

"Mimi nimerudi, Nasriya."

Jibu lile halikumtosha. Alilia, kwa sababu hata habari ya kuwa yeye yu hai ilimfikia mumewe kupitia mikono ya yule mwanamke, na sasa hakuweza hata kumchukia vizuri.

Wiki ya pili alimtaka Thabit amwandikie, kwa lugha ya kule, barua yake ya shukrani kwa yule mwanamke, naye akaketi ubavuni pake kuisikiliza ikisomwa. Thabit alianza: "Thabit amefika salama."

"Futa jina," Nasriya akamwambia. "Andika kuwa ni mimi nnayesema. Mume wangu amefika salama."